Bahari iliyong'aa kuliko anga: uchambuzi wa picha moja ya alfajiri, kutoka Bagamoyo mpaka ukuta wa Dodoma

Usuli

Majina na chochote cha kumtambulisha mtu nimeviondoa, kilichobaki ni kazi yenyewe.

Mteja ni mama mwenye lodge ya vyumba vichache hapa Dodoma, pembeni kidogo ya mji, wageni wake wengi ni watu wanaokuja kikazi serikalini, wanalala siku mbili tatu wanaondoka. Mapokezi pana ukuta mmoja mpana wa rangi ya krimu na alitaka pale ikae picha moja kubwa ya bahari, kanvasi ya sentimita 150 kwa 100, na alishasema mapema kwamba hataki ile ya mchana yenye maji ya bluu na mnazi, anataka alfajiri kabla jua halijatoka, kwa sababu amekulia pwani na ndo mda anaoukumbuka.

Mpiga picha ni kijana wa hapahapa, anajulikana kwa harusi na sendofu na kazi yake ni nzuri kweli. Alipanda treni ya SGR mpaka Dar, akaunganisha basi mpaka Bagamoyo, mwezi Julai. Alfajiri akasimamisha stendi ya kamera kwenye mchanga uliolowa, maji yanatoka, mbele yake ngalawa moja imetia nanga, ina mstari mwekundu ubavuni. Akapiga fremu tatu, yani picha tatu za kitu kilekile za kuunganishwa baadaye, bila kusogeza kitu, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 100, ya kwanza sekunde 2, ya pili sekunde 8, ya tatu sekunde 30, zote RAW, yani faili ghafi la kamera. Saa ya kamera inasoma saa 12 na dakika 14, na Julai pale Bagamoyo jua linachomoza saa 12 na nusu na kidogo, kwa hiyo lilikuwa bado nyuzi 5 au 6 hivi chini ya upeo wa macho.

Hilo la saa lina uzito wake. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda karibu wima, karibu nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga wa kuanzia jua likiwa nyuzi 6 chini mpaka linapochomoza unakatika ndani ya dakika 20 na ushee tu, wakati Ulaya kaskazini majira ya kiangazi wanaweza kukaa nao saa nzima na zaidi. Masomo mengi ya kuediti machweo na mapambazuko yametengenezwa na watu wa huko, mwanga wao unabadilika taratibu, wetu dakika tano tu ni picha nyingine kabisa. Kijana alijua hili na aliwahi, kwa hiyo kwenye upigaji sina la kumdai.

Chapa ya kwanza

Alirudi Dodoma akaediti usiku nyumbani. Hapa mambo kadhaa yalipishana na ukiyaangalia moja moja kila moja ni dogo.

Umeme ulikatika, laptopu ikaingia kwenye betri na yenyewe ikapunguza mwanga wa skrini ili kuhifadhi chaji, picha ikaonekana giza totoro, akapandisha eksposha, yani mwanga wa picha nzima, halafu akaisukuma slaida ya vivuli, ile inayoangaza sehemu za giza, karibu mpaka mwisho ili bahari ionekane. Pia laptopu yake ina ule mpangilio wa usiku unaoifanya skrini iwe ya njano ili macho yasichoke, nao ulikuwa umewaka, kwa hiyo kila kitu alikiona cha njano njano, akaongeza bluu na zambarau mpaka jicho likaridhika. Kabla ya hapo alikuwa ameshaweka priseti, yani mipangilio ya rangi iliyohifadhiwa tayari, aliyoitengeneza mwenyewe kwa machweo ya Dodoma. Sasa machweo yetu ya kiangazi unayajua, vumbi limejaa hewani, anga inakuwa nyekundu nzito kuanzia chini mpaka juu, na priseti ile inaongeza wekundu kwenye rangi za kati, zile zisizo giza sana wala nyeupe sana. Alfajiri ya baharini haiko hivyo kabisa, kule hewa ina unyevu, karibu na upeo kunakuwa na ukungu mweupe mweupe uliopauka, chungwa lenyewe ni utepe mwembamba tu halafu bluu inaanza.

Kuunganisha zile fremu tatu aliiachia programu ifanye yenyewe. Halafu akaituma kwa fundi wa printa kupitia app ya kuchatia, kama picha ya kawaida, sio kama dokumenti. Ilipofika ilikuwa na upana wa pikseli 1600 wakati kamera ilitoa 6000. Kwenye kanvasi ya sentimita 150 hiyo ni kama pikseli 27 kwa kila inchi. Fundi akachapa alicholetewa.

Mama alipoiona alisimama nayo mda mrefu, akamwambia kijana, "Mwanangu, hii bahari imewekewa taa chini?"

Kijana akajibu kwa heshima tu, "Samahani mama, nitairekebisha," lakini aliponiletea mimi nimsaidie kuikagua alikuwa haelewi kosa liko wapi, kwake ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akaniambia, "Kaka, kila kitu kinaonekana, mpaka kamba ya nanga." Na ni kweli ilionekana.

Tulichoona tulipoikagua

Mama hajui histogramu ni nini, ile grafu ya mwanga wa picha kuanzia giza kushoto mpaka nyeupe kulia, lakini alisema sawasawa. Bahari alfajiri haina mwanga wake, mwanga wote inaouonyesha umetoka angani, na maji hayarudishi mwanga wote yanaopokea. Ukiyaangalia wima miguuni pako yanarudisha kama asilimia 2 tu, ukiyaangalia kwa mbali karibu na upeo yanarudisha mwingi zaidi, lakini kipande cha maji hakiwezi kung'aa kuzidi kipande cha anga kinachojionyesha ndani yake. Tukapima kwa kuweka mshale kwenye picha. Anga juu kidogo ya upeo ilisoma asilimia 62 ya mwanga, maji yaliyo chini yake tu yakasoma 68. Haiwezekani pwani yoyote duniani, na mtu aliyekulia ufukweni anaijua kwa macho bila kupima.

Mengine yalikuwa haya. Mlingoti wa ngalawa ulionekana miwili, mmoja mzito na mwingine kivuli, kwa sababu chombo kiliyumba katikati ya fremu na programu ikachanganya zote. Anga ilikuwa na ngazi ngazi, mistari mipana badala ya rangi kupita taratibu. Na bluu ya juu ilikuwa imegeuka zambarau kabisa, kwa skrini ilikuwa nusu hivyo, kwa kanvasi ikazidi, maana bluu kali ni katika rangi ambazo wino unashindwa kuzifikia na mara nyingi zikibanwa zinaangukia upande wa zambarau.

Tulivyoanza upya na kwa nini

Tuliacha faili lile tukarudi kwenye RAW. Kijana alipendekeza tulirekebishe lilelile ili kuokoa mda, nikakataa kwa sababu lilikuwa JPEG, faili lililobanwa, na JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi na anga ya alfajiri ni utepe mrefu wa rangi zinazokaribiana sana, ukishaivuta ikapasuka huwezi kuirudisha. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kwa picha ya harusi ya mchana tofauti hiyo pengine usiione, kwa anga kama hii ndo kila kitu.

Kabla ya kugusa slaida yoyote tulishughulika na skrini. Tukazima ule mpangilio wa njano, tukachomeka chaja, tukazuia skrini kujibadilisha mwanga, tukaishusha mpaka karatasi nyeupe iliyowekwa pembeni chini ya taa ilingane na ukurasa mweupe wa skrini. Mimi nina kifaa cha kupimia nikakiweka kwenye kandela 100 kwa mita ya mraba, lakini hiyo njia ya karatasi inakufikisha karibu sana na haina gharama. Laptopu nyingi zikiwa zimewashwa mpaka mwisho zinatoa mara mbili tatu ya hiyo, ndo maana watu wanalalamika chapa imetoka giza wakati printa haina kosa.

Halafu waiti balansi, yani kuiambia programu nyeupe ni ipi ili rangi nyingine zikae sawa. Programu ukiiambia iamue yenyewe inaona bluu nyingi, inafikiri ni kosa la taa, inaipaka njano mpaka anga inakuwa kijivu. Sisi tuliweka Kelvini 5200, yani karibu na mwanga wa mchana, makusudi, ili bluu ibaki bluu. Bluu ile sio kosa la kamera. Jua likiwa chini ya upeo mwanga wake unapita njia ndefu ndani ya tabaka la ozoni na ozoni inameza rangi za chungwa na njano njiani, kinachobaki juu ya vichwa vyetu ni bluu, jambo lililoelezwa kisayansi tangu 1953, na kabla ya hapo watu walidhani ni ileile sababu ya bluu ya mchana peke yake. Kwa hiyo ukiiondoa umeondoa alfajiri yenyewe. Tulichogusa ni ile slaida ya pili ya kijani na zambarau, tukaisogeza kidogo upande wa kijani mpaka mchanga uliolowa ukaacha kuwa wa pinki.

Kwenye mwanga tulibishana. Kijana alitaka fremu ya sekunde 30 iwe ya bahari kwa sababu ina maelezo mengi gizani. Nikamwonyesha vitu viwili. Kwa sekunde 30 mawimbi yamekuwa maziwa, na mama alikuwa ameomba bahari anayoijua, na pale Julai upepo ni wa kusi, maji yana mikunjo midogo midogo, sio kioo. Cha pili ngalawa imeyumba. Tukakubaliana fremu ya sekunde 8 iwe ndo picha, bahari, mchanga na ngalawa vyote vitoke humo, na ya sekunde 2 itumike sehemu moja tu, ule utepe wa chungwa.

Utepe ule una mtego ambao nimeona unawakamata hata wazoefu. Histogramu ya jumla ya ile fremu ya sekunde 8 ilikuwa salama kabisa, haijagonga ukuta wa kulia, lakini ukifungua kila rangi peke yake nyekundu ilikuwa imeshafika 255, ngazi ya mwisho, na kukwama pale wakati kijani bado inapanda. Nyekundu ikikwama na kijani ikiendelea, chungwa linageuka njano, na unapata ule upeo wa njano ya ndizi mbivu ambao watu wanaujaribu kuuzima kwa kupunguza sachuresheni, yani ukolevu wa rangi, na hauzimiki, kwa sababu habari yenyewe haipo tena. Fremu ya sekunde 2 ilikuwa nayo. Tukaichukua kwa maski laini, yani eneo la picha lililochaguliwa, iliyopakwa kwa mkono kwa brashi kubwa, isiyofuata mstari wa upeo kwa ukali, maana maski kali ndo inaleta ile alama nyeupe nyeupe inayozunguka mlingoti na kuonekana kama imekatwa na mkasi.

Baada ya hapo kazi kubwa ilikuwa kushusha mwanga. Kijana kila akiona sehemu nyeusi mkono unaenda kwenye slaida ya vivuli, nikamwomba tuweke sharti moja: kila tukiangaza maji tupime anga inayolingana nayo kwanza. Maji ya mbali yanaakisi anga ya chini, kwa hiyo yanabeba chungwa, maji ya karibu na miguu yanaakisi anga ya juu zaidi, kwa hiyo ni bluu na ni meusi zaidi, na katikati mikunjo inachanganya zote mbili. Tulipofuata hivyo maji ya mbali yakakaa 50, anga ya juu yake 61, na maji ya mbele yakashuka mpaka karibu 15. Kamba ya nanga ikapotea. Kijana ilimuuma, na namwelewa, lakini saa 12 na robo alfajiri ukisimama pale kamba ile huioni.

Mstari mwekundu wa ngalawa tuliukalia mda kuliko sehemu yoyote, na kwa ukubwa ni kitu cha sentimita chache kwenye kanvasi. Kamera kwa sekunde 8 imekusanya wekundu wote, ukawa unawaka, jicho likifungua picha linakimbilia pale. Jicho la mtu gizani halifanyi hivyo. Mwanga ukipungua macho yanakuwa makali zaidi kwa bluu na kijani na yanafifisha nyekundu, jambo aliloliandika Jan Purkyně wa Bohemia karne ya 19 baada ya kuona maua mekundu yanavyokuwa meusi kukipambazuka. Kwa hiyo tuliacha sachuresheni ya mstari ilivyo, tukashusha mwangaza wa nyekundu peke yake mpaka ukawa wa rangi ya damu ya mzee, unaujua ni mwekundu ila haukuiti. Baada ya badiliko hilo dogo picha nzima ikaonekana ya mapema zaidi, bila kugusa anga.

Ngazi za angani tulizimaliza kwa kufanya kazi yote kwenye biti 16 na mwishoni kunyunyiza chembe chembe kidogo, ambazo kwa mita mbili hazionekani ila zinazuia printa isichore mistari. Faili tukampelekea fundi kwa flashi mkononi, pikseli zote 6000, ambayo kwa ukubwa ule ni kama 100 kwa inchi na kwa picha ya ukutani inatosha.

Fundi hakuwa na profaili ya kanvasi yake, yani faili linaloeleza rangi zinavyotoka kwenye kanvasi ile, na hilo hapa mjini ni kawaida, kwa hiyo badala ya kubahatisha tulimwomba achape vipande vitano vidogo vya picha hiyohiyo, kila kimoja kina utepe wa chungwa na bluu ya juu na maji ya mbele, tofauti yake ni mwangaza na kiasi cha bluu tu. Alikubali kwa bei ndogo. Kilichoonekana sahihi kwenye skrini kilitoka kizito, tukachagua kilichopandishwa hatua moja kwenye rangi za kati, na bluu iliyopunguzwa kidogo ndo iliyotoka bluu, ile kali ikarudi zambarau vilevile.

Ilipofika ukutani

Mama aliiangalia akauliza kama maji yalikuwa yanatoka au yanaingia. Kijana akamjibu yanatoka, akasema ndiyo, mchanga unaonyesha. Akalipa iliyobaki.

Lakini usiku hali ikawa nyingine. Mapokezi pale wamefunga taa za njano za Kelvini 3000, na chini ya taa hizo bluu yote ilififia ikawa kijivu na chungwa likazidi nguvu. Mlinzi wa zamu ya usiku anaijua picha moja, wa mchana anaijua nyingine. Mama alikubali kubadilisha taa mbili zinazoipiga picha, akaweka za 4000, ikawa afadhali sana, ila sio kama mchana. Na kuna dirisha la magharibi, jua la saa kumi la Dodoma linaingia moja kwa moja na kugusa kona ya chini ya kanvasi, tukamshauri pazia maana jua lile linakula wino.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Kilichosaidia kuliko vyote ni kuwa na kipimo kimoja kilichotoka kwenye bahari yenyewe, kwamba maji hayazidi anga. Kabla ya hapo ubishi wetu ulikuwa wa ladha, yeye anapenda iwe nyeupe mimi napenda iwe nyeusi, na ladha haina mwisho. Ukishakuwa na namba mbili za kulinganisha ubishi unaisha kwa dakika moja. Fremu tatu zilisaidia pia, ingawa tulizotumia ni mbili, kwa sababu bila ile ya sekunde 2 chungwa lisingepatikana kwa namna yoyote ile.

Kuishika skrini kabla ya rangi kulitengeneza karibu nusu ya tatizo la kwanza. Ukiiangalia vizuri ile chapa ya kwanza kijana hakuwa na jicho baya, jicho lake lilikuwa linajibu kwa uaminifu kile skrini inachomwonyesha, na skrini ilikuwa inamdanganya mara mbili, kwa mwanga na kwa rangi. Naona hili halisemwi vya kutosha kwa vijana wanaoediti usiku kwenye laptopu moja wanayotumia kwa kila kitu, wanaambiwa wajifunze kuona wakati wanachohitaji ni kuzima kitufe kimoja.

Priseti ya Dodoma ilishindwa na ingeshindwa hata ikiwa imetengenezwa na bingwa, maana imebeba vumbi letu ndani yake. Kijana ameihifadhi, kwa Dodoma inafaa sana, ila sasa kwenye folda ya baharini hakuna priseti, anaanza na saa ya kamera na upande aliokuwa anaelekea. Upande una maana kwa sababu pwani ya bara inaangalia mashariki, alfajiri utepe wa chungwa uko juu ya maji, jioni jua linazama nyuma yako nchi kavu na juu ya bahari unapata kivuli cha dunia cha bluu nzito kinachopanda na mkanda wa waridi juu yake, rangi tofauti kabisa, wakati ukiwa Mji Mkongwe Zanzibar ufukwe unaangalia magharibi na mambo yanageuka. Mtu akileta picha bila kusema alisimama wapi utaiharibu kwa nia njema.

Ambalo halikwenda vizuri ni taa. Vipande vya majaribio vilikaguliwa dirishani kwa fundi, mchana, na hakuna hata kimoja kilichopelekwa mapokezi kukaa usiku. Mama ameshaagiza ya pili kwa ajili ya chumba cha chakula, safari hii jioni, na makubaliano ni kwamba kipande cha majaribio kitabandikwa ukutani pale kwanza, kikae kuanzia asubuhi mpaka taa zinapowashwa, ndipo fundi aanze kuchapa.